Kila Nikifika Liemba, Kalamu Inasimama

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na wasomaji wote wa safu hii. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ninaishi Morogoro. Ninakuandikia kuhusu kitabu ambacho nimekuwa nikiahidi kukiandika tangu nikiwa msichana. Ni kitabu cha safari moja tu, lakini kumaliza kumenishinda, na sasa yupo mzee anayekisubiri.

Mwaka 1987, katika likizo ya Juni, nilisafiri na wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Nilikuwa na miaka 23, nimeanza kazi karibuni, na nilikuwa nikiishi kwao Dar es Salaam. Kaka ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki, na ndiye aliyenisomesha mpaka nikamaliza chuo cha ualimu. Wifi aliaga nyumbani kwamba anakwenda kumuuguza baba yake Kasanga, kule kusini mwa Ziwa Tanganyika, na kaka akaniomba nimsindikize, kwa kuwa alikuwa na mtoto mgongoni na njia ni ndefu. Watoto wakubwa walibaki na baba yao.

Tulipanda treni ya Reli ya Kati, behewa la daraja la tatu, tukapita Dodoma, Itigi, Tabora na Uvinza hadi Kigoma. Kigoma tukapanda meli, MV Liemba, tukateremka Kasanga na kukaa kwa baba mkwe wa kaka. Baadaye tukapanda meli ile ile hadi Mpulungu, upande wa Zambia, tukapandisha milima hadi Mbala kwa mama mdogo wa wifi, mahali ambapo baridi ya Juni ilinifanya nilale na koti la kuazima. Mwisho tukateremka kwa lori hadi Kasama, tukapanda treni ya TAZARA na kurudi Dar es Salaam kupitia Tunduma, Mbeya, mahandaki ya kati ya Makambako na Mlimba, na pori la akiba la Selous. Tulikwenda kwa reli moja na kurudi kwa nyingine, tukaizunguka nusu ya nchi. Katika daftari langu nilikuwa nikiandika majina ya stesheni, bei za vyakula na maneno ya watu. Nusu ya daftari hilo ililowa maji ya ziwa siku ya upepo wa kusi, na wino ukafutika.

Sasa nieleze kinachonisumbua. Usiku wa kwanza ndani ya Liemba, tukiwa tumelala sitahani kwa sababu chini kulikuwa na joto na harufu ya dagaa, wifi aliniambia kwamba baba yake haumwi. Alikuwa ameondoka. Kaka alikuwa na nyumba ndogo, yeye alikuwa amekwisha kujua, na alikusudia kukaa moja kwa moja kwa mama yake mdogo huko Mbala na kuwafuata watoto baadaye. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote, nami nikaahidi. Kasanga tulimkuta baba yake mzima kabisa, akishona nyavu. Mbala tulikaa kwa utulivu, mpaka asubuhi moja wifi akaniambia nifunge mizigo, tunarudi Dar es Salaam. Hakunieleza kwa nini, wala sikumuuliza.

Tulipofika stesheni ya TAZARA, kaka alikuwa pale. Hatukuwa tumetuma simu ya maandishi, na mpaka leo sijui alijuaje siku ya kufika kwetu. Alimpokea mtoto, akabeba mizigo, tukaenda nyumbani. Hakuwahi kumuuliza wifi habari za ugonjwa wa baba yake. Ile nyumba ndogo haikusikika tena, wakazaa watoto wengine, wakazeeka pamoja.

Wifi alifariki miaka michache iliyopita. Alipokuwa amelazwa aliniambia, “Ile safari yetu usiiache ikapotea.” Chumbani walikuwapo watu wengine, kwa hiyo sikumuuliza zaidi. Baada ya matanga kaka naye akaniomba niiandike, kwa maneno yake mwenyewe, ili apate kumbukumbu ya mkewe alipokuwa kijana. Anasumbuliwa na presha ya macho, na anataka asome angali anaona. Hunipigia simu na kuniuliza, “Umefika wapi?”

Nimefika Liemba, na hapo ndipo ninapofika siku zote. Sehemu ya Reli ya Kati nimeimaliza. Nikifika kwenye meli ninaandika historia yake: ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi Kigoma, Wajerumani wenyewe walivyoizamisha mwaka 1916, Waingereza walivyoiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Kurasa za historia hiyo ni nyingi. Kisha unafika usiku ule, na kalamu inasimama. Narudi kurekebisha Kigoma.

Mwalimu mwenzangu mstaafu anasema sina nidhamu, niamke alfajiri niandike. Nimejaribu. Binti mkubwa wa kaka ananiambia, “Shangazi, andika tu yale mazuri,” naye hajui lolote. Mwanangu anasema niandike kwa Kiingereza ndipo kitauzika. Mimi naogopa pia kumbukumbu, kwa maana mambo mengine yamenitoka, na nusu ya daftari haisomeki.

Je, niandike safari na kuficha sababu yake? Nimweleze kaka? Au niliache jambo hili tufe nalo?

Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Pole kwa msiba wa wifi yako, ambao ninaona bado uko nao kila unapolifungua daftari lile. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Kwa ninavyoelewa, unataka kumaliza kitabu cha safari uliyoifanya ukiwa kijana. Safari hiyo ilikuwa na sababu mbili: moja iliyosemwa mlangoni wakati wa kuaga, na nyingine iliyosemwa sitahani usiku. Aliyekuomba uitunze ile ya pili ametangulia mbele ya haki, na anayeidai hadithi ni mtu yule yule ambaye sababu hiyo inamgusa. Mtu huyo si wa mbali, kwani ndiye aliyekulea. Hapo ndipo uliposimama.

Naomba tuanze na hili la nidhamu, kwa kuwa ninaona limekuumiza. Mtu asiye na nidhamu asingetoka Dar es Salaam mpaka Kigoma kwa kalamu, stesheni moja baada ya nyingine, akamaliza. Kuamka alfajiri kunamfaa aliyekosa saa ya kuandika, na wewe saa unayo. Tazama zile kurasa za historia ya Liemba. Ni za kweli na nina hakika umeziandika vizuri, lakini ni mambo ambayo mtu yeyote mwenye bidii anaweza kuyaandika bila kuupanda hata mtumbwi. Mimi nadhani ulizidi kuyaandika kwa sababu yalikuwa njia ya kubaki melini bila kuufikia usiku ule. Sikuambii uyafute. Baki na mistari michache ambayo msomaji ataihitaji, na zilizosalia ziweke kando, uone ukurasa unabaki na nini.

Jambo la pili ni hili unalolichukulia kuwa na hakika, kwamba kaka yako hajui. Huenda hajui kweli, nami siwezi kukusemea moyo wa mtu nisiyemfahamu. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia mambo mawili na kuyapita haraka: kwamba alikuwa stesheni bila kuarifiwa, na kwamba hakuuliza habari za ugonjwa wa baba mkwe wake. Mtu ambaye mkewe amekwenda kumuuguza mzazi kwa kawaida huuliza swali hilo kabla hata mizigo haijatuliwa. Tena mliondoka kwa Reli ya Kati, na yeye akawapokea stesheni ya TAZARA, ambayo ni reli nyingine kabisa. Yawezekana mzee wa Kasanga alimwandikia mkwewe. Yawezekana wifi mwenyewe alituma neno kutoka Mbala bila wewe kujua, na kwamba hilo ndilo lililotangulia ile asubuhi ya kufunga mizigo. Yawezekana pia hakuandikiwa na mtu. Treni za abiria kutoka upande wa Zambia hazikuwa za kila siku, na mwanamume mwenye wasiwasi angeweza kwenda stesheni kila ilipoingia moja. Sijui ni lipi kati ya hayo, nawe hujui. Ninachokuomba ni kwamba usipange kitabu kizima kwa kutegemea kwamba yeye hajui, wakati barua yako yenyewe inaacha nafasi ya kufikiri kinyume.

Hata hivyo, kuna hatari nyingine upande wa pili. Mtu anaweza kulijua jambo kwa miaka mingi na bado asipende kuliona limeandikwa. Wako wazee waliomalizana na wake zao kwa kunyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikokuwa kuombana msamaha. Kama ndivyo walivyoishi wawili wale, kaka yako ana haki ya kuhuzunika akikuta mtu wa tatu ameyafungua, hata kama mtu huyo ni dada yake na amefanya kwa upendo.

Sasa wifi. Alikuomba mambo mawili kwa nyakati mbili. Ndani ya meli, akiwa kijana mwenye hasira na mtoto mgongoni, alikuomba unyamaze. Kitandani, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuishi maisha yake, alikuomba safari isipotee. Je, ombi la pili linalifuta la kwanza? Mtu anaweza kusema ndiyo, kwa kuwa wifi alijua vizuri kuliko wote kwamba safari ile bila sababu yake si safari ile. Mwingine atasema kwamba chumbani walikuwapo watu, na kama angetaka siri itoke angetafuta nafasi ya kuwa nawe peke yenu. Mimi ninayaona yote mawili yana uzito. Wewe uliisikia sauti yake na kuuona uso wake aliposema, na ushahidi huo mimi sina. Jipe muda wa kukumbuka namna alivyolisema neno lile, si maneno yenyewe tu.

Kuna jambo lililonigusa zaidi, Mwalimu, nalo hukuliuliza. Katika barua yako yote wifi anaonekana wazi, kaka anaonekana wazi, hata mzee wa Kasanga na nyavu zake ninamwona. Wewe sikuoni. Nakuona mara moja tu, ukiwa na koti la kuazima katika baridi ya Mbala, kisha unatoweka. Msichana wa miaka 23, mwalimu mpya, anaambiwa usiku katikati ya ziwa kwamba mtu anayemheshimu kuliko wote duniani, aliyemlisha na kumsomesha, amemuumiza mwanamke aliyelala kando yake. Asubuhi anaamka na mzigo ambao hawezi kumweleza mtu. Alifanya nini siku ile? Alimtazamaje mtoto wa kaka yake? Mlipofika gatini Mpulungu na kuingia nchi ya watu, alidhani atarudi lini, na nyumbani angesema nini? Na kaka alipombeba mtoto pale stesheni, msichana huyo alimwamkia kwa moyo gani?

Nauliza haya kwa sababu nadhani ndiyo yanayotofautisha kitabu cha safari na ratiba ya treni. Siri ya ndoa ile ni ya wifi na kaka, na hapo una kila sababu ya kusitasita. Lakini kilichokupata wewe usiku ule ni chako. Ulipewa jambo zito kuliko umri wako, ukalibeba kimya mpaka umestaafu. Unaweza kuamua kutoisema sababu ya wifi na bado ukaandika kwa ukweli mtupu kwamba usiku ule uliambiwa jambo ambalo hutalisema, na kwamba tangu hapo ziwa, milima na stesheni zote ulizitazama kwa macho mengine. Msomaji atakuamini. Wasomaji huvumilia mlango uliofungwa wakiambiwa wazi kwamba umefungwa, lakini hukasirika wakigundua baadaye kwamba walipitishwa mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya mlango.

Hiyo ndiyo njia mojawapo, na haikosi hatari. Kaka yako akisoma sentensi hiyo, kama kweli hajui, atakuuliza uliambiwa nini. Jiulize mapema utamjibu nini, maana hutaweza kumdanganya ana kwa ana, na sidhani unataka. Ukiiacha hata sentensi hiyo, ukaandika yale mazuri tu kama anavyoshauri binti yake, utapata kitabu chenye mandhari nzuri: karabai za wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi, mitumbwi inayoikimbilia meli katika vijiji visivyo na gati, tembo wanaoonekana dirishani mwa treni kule Selous. Si haba. Mzee anaweza kukifurahia sana. Lakini umekwisha kujaribu kukiandika kitabu hicho, na kalamu yako imekikataa. Labda huo nao ni ushauri, kutoka kwa mtu anayeijua safari ile kuliko mimi.

Njia nyingine ni kuandika kila kitu, mwanzo hadi mwisho, bila kufikiria msomaji yeyote. Kuandika ni jambo moja na kutoa ni jambo lingine, na nadhani umeyafunga pamoja kiasi kwamba kila sentensi unaiandika huku kaka akiwa amesimama begani pako. Andika andiko la kwanza kwa ajili ya daftari. Ukimaliza, ndipo utaona kama usiku ule unahitaji kurasa kumi au mistari mitatu, na baadhi ya hofu zako huenda zikapungua ukiziona kwenye karatasi. Hatari yake ni kwamba karatasi huishi kuliko watu. Ukiugua ghafla, au mjukuu akifungua kabati, andiko hilo litasomwa na asiyekusudiwa, na wewe hutakuwapo kulieleza. Kwa hiyo ukichagua njia hii, amua tangu siku ya kwanza litakaa wapi na ni nani atakayelirithi, na umwambie mtu huyo kwa kinywa chako anachopaswa kukifanya nalo.

Kuhusu kuzungumza na kaka kabla ya kuandika, nina mawazo mengi. Nyinyi ni ndugu wa tumbo moja, na watoto wake wanakuita shangazi. Katika familia nyingi za kwetu shangazi ndiye anayeweza kuingia mahali ambapo wengine wanasimama nje, kwa hiyo ukiamua kusema naye hutakuwa umevunja adabu. Lakini fikiria pia hali yake. Ni mjane, ni mgonjwa wa macho, na kumbukumbu ya mkewe ndiyo anayoiegemea. Akiambiwa leo kwamba mkewe aliwahi kumwacha, hana wa kumuuliza wala wa kumwomba radhi. Upande mwingine, yawezekana amebeba swali lake mwenyewe tangu siku ile ya stesheni na hana mtu mwingine duniani wa kumuuliza isipokuwa wewe. Kwa nini hasa anataka safari hii iandikwe, miongoni mwa mambo yote ya ndoa ndefu kama ile? Angeweza kukuomba uandike harusi yao. Sitaki kulivuta swali hilo upande wowote, lakini lisikupite.

Na kuna jambo la kivitendo ambalo huenda hukulifikiria. Presha ya macho isipodhibitiwa hupunguza uwezo wa kuona, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Ikiwa hali yake itazidi, kitabu hiki hatakisoma yeye, atasomewa. Na atakayemsomea, kwa uwezekano mkubwa, ni huyo binti mkubwa asiyejua lolote. Ukurasa wa Liemba utasikiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, baba na mwana, wakiwa chumba kimoja. Hii haina maana kwamba usiandike. Maana yake ni kwamba watoto wa wifi nao wamo ndani ya uamuzi huu, kwa kuwa mama ni wao, na hata yule aliyekuwa mgongoni alifanya safari yote bila kuijua. Kumshirikisha mmoja wao mapema kunaweza kukupunguzia mzigo. Kunaweza pia kuisambaza siri kabla hujawa tayari, kwa hiyo mchague kwa uangalifu.

Wapo watakaokushauri ubadili majina na kukiita riwaya. Ni njia halali, na kwa mwandishi mwingine ningeizungumza kwa kirefu. Kwako sioni kama itakuficha, kwa kuwa kila ndugu anaijua njia ile, na mzee hakuomba riwaya.

Kumbukumbu isikuogopeshe. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa kale, aliondoka Tangier mwaka 1325, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na habari zake zikaja kuandikwa Fez mwaka 1355, kwa amri ya Sultani wa Morocco. Alizisimulia kwa kinywa na katibu, Ibn Juzayy, akaziandika. Baadhi ya maandishi aliyoyakusanya njiani alinyang’anywa baharini na maharamia huko upande wa India, kwa hiyo alitegemea kichwa chake kama wewe. Habari alizotuachia kuhusu Kilwa ya wakati ule zingepotea kama angesubiri daftari kamili. Lakini hadithi yake ina onyo pia. Wataalamu wameonyesha kwamba baadhi ya sehemu za kitabu kile zilichukuliwa kutoka kwa msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr, bila kusemwa, na tangu hapo wasomaji wanazitilia shaka hata sehemu alizoziona kwa macho yake. Kwa hiyo usione haya kuandika “nakumbuka”, “nadhani” na “hapa daftari limefutika”. Jina la stesheni lililokutoka unaweza kulitafuta katika ratiba na ramani za zamani, na magazeti ya Juni 1987 unaweza kuyaulizia Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Usitie tu katika kinywa cha wifi maneno ambayo huna hakika aliyasema, maana yeye hawezi tena kukusahihisha.

Kuhusu lugha, sioni sababu ya kukusumbua. Wifi alizungumza nawe kwa Kiswahili sitahani pale, na kaka anakisubiri kwa Kiswahili. Soko litafikiriwa baadaye, na nakala chache za familia zinaweza kuchapwa bila gharama ya kutisha.

Kama unapenda pa kuanzia, usianze tena Kigoma, ambako umekwisha kupajua mno. Jaribu Kasama. Andika siku mliyopanda treni ya kurudi, wifi akiwa amekwisha kuamua na wewe hujui kwa nini. Andika mlichokula, mtoto alivyolala, ni nani kati yenu aliyekaa dirishani mlipoingia kwenye mahandaki. Toka hapo kuja Dar es Salaam, kisha rudi nyuma kwenda Mbala, na nyuma tena kwenda Kasanga. Usiku wa Liemba utaufikia kutoka upande wa pili, ukiwa umekwisha kuandika namna mambo yalivyoishia, na pengine hautakuwa mzito kiasi kile. Vidole vikichoka, simulia kwenye simu, mjukuu akurekodi sehemu zisizo na siri, na zile nyingine ujirekodi mwenyewe mlango ukiwa umefungwa.

Na zile sura za Reli ya Kati zilizokwisha kukamilika, kwa nini zikae kabatini wakati mzee anauliza kila mara umefika wapi? Mpelekee. Msomee mwenyewe, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, kwa kuwa humo hamna neno la kumuumiza. Halafu msikilize atauliza nini. Akiuliza bei ya asali ya Tabora, utajua umepewa muda. Akiuliza wifi alikuwa na hali gani mlipokuwa mkisubiri meli, mpe nafasi aendelee, wala usiharakishe kujibu. Vyovyote itakavyokuwa, utarudi Morogoro ukiwa na jambo ambalo leo huna, yaani neno lake mwenyewe kuhusu safari ile, na uamuzi wako wa kuandika nini na kuacha nini utaufanya ukiwa na neno hilo mkononi. Ukiwa tayari niandikie tena, hata kama ni kuniambia kwamba umeamua kinyume cha yote niliyoyasema hapa.

Mshauri wako